Mkono wa Chuma na Figo ya Mwananchi

Haupiti mwezi siku hizi pasipo kusikika habari za mashine ziitwazo roboti, ambazo zasemwa kuwa zinapasua wagonjwa na kuwatoa figo kwa ustadi upitao ule wa mwanadamu. Mabarazani na viwandani, ndani ya mabasi na kwenye mabenchi ya zahanati, watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba huo ni mchezo wa matajiri, wala hautuhusu sisi. La pili lasema kwamba nchi isiyokuwa na mashine hiyo imekwisha kuachwa nyuma, hivyo yafaa inunuliwe kesho asubuhi, hata kwa mkopo. Sisi tunasema makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: wanabishana juu ya mashine pasipo kuuliza habari za mgonjwa.

Na tuanze basi na mgonjwa, na kwanza na figo yake. Kila mtu kwa kawaida ana figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo zimelala nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Katika damu yote isukumwayo na moyo, fungu moja katika mafungu matano huzipitia. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja maji yapatayo lita 180, kisha huyarudisha mwilini karibu yote, na takataka hutoka kwa mkojo wa lita moja na nusu au mbili. Kichujio kikifa hakioti tena. Neno hilo msomaji alishike, maana juu yake ndipo yanaposimama maoni yetu yote.

Mtu aweza kuishi kwa figo moja, na wako wengi waishio hivyo wakifanya kazi zao vizuri. Lakini mtu ambaye figo zake zote mbili zimekufa hana njia ila mbili. Ya kwanza ni kufungwa kwenye mashine ya kusafishia damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, na kila mara saa nne hivi. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Mfanyakazi aliyefungwa kwenye mashine ya damu siku tatu kwa juma hawezi tena kuwa mchukuzi bandarini, wala fundi wa reli, wala dereva wa safari ndefu. Nyumba yake nzima huugua pamoja naye. Kwa hiyo daktari amwokoapo mtu hata nusu ya figo, amemwokolea mengi kuliko kipande cha nyama: amemwokolea mshahara wake, na karo ya watoto wake, na heshima yake mbele ya wenzake.

Upasuaji wa figo haukuanza jana. Tarehe 2 Agosti 1869, mjini Heidelberg katika Ujerumani, daktari Gustav Simon alimtoa figo moja mwanamke aliyekuwa akivuja mkojo kwa sababu mrija wake ulikuwa umeharibika. Kwanza alijaribu kwa mbwa, akaona kwamba mnyama aweza kuishi kwa figo moja. Ndipo akathubutu kwa mwanadamu, na mama yule akapona. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston katika Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya kijana mmoja wakampandikiza ndugu yake pacha wa kufanana naye, na figo ile ikafanya kazi. Kwa sababu ya kazi hiyo Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Na mwaka huo huo wa 1990, katika mji wa St. Louis, daktari Ralph Clayman na wenzake walitoa figo kupitia matundu madogo, kwa kamera na vyombo virefu vyembamba, badala ya kumfungua mgonjwa kwa jeraha refu la ubavuni.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu moja. Hatua zote hizo tatu zilipigwa kabla ya roboti kuingia chumba cha upasuaji wa figo. Walioendesha kazi ni watu waliojifunza, waliojaribu kwa uangalifu, wakaandika matokeo yao ili wenzao wayapime. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayeiona roboti leo na kudhani kwamba imeanguka kutoka mbinguni hajui safari ya zaidi ya miaka mia na thelathini iliyoitangulia.

Na hiyo roboti ni kitu gani? Jina lenyewe limewadanganya wengi. Wanadhani ni mtu wa chuma asimamaye kando ya kitanda akakata kwa akili yake. Sivyo hata kidogo. Mashine iliyoenea kuliko zote ni ile iitwayo da Vinci, iliyoundwa na kampuni ya Intuitive Surgical ya California, na ambayo wakuu wa udhibiti wa dawa na vifaa wa Marekani waliiruhusu kwa upasuaji wa tumbo mwaka 2000. Ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kiti na meza ya daktari, iliyo hatua chache kutoka kwa mgonjwa. Hapo daktari huketi, akainama kwenye dirisha la kutazamia, akatia vidole vyake katika vishikio, na miguu yake juu ya pedali. Sehemu ya pili ni gari lenye mikono minne ya chuma, mmoja umeshika kamera na mingine imeshika mkasi, koleo na sindano. Sehemu ya tatu ni kabati la picha na taa.

Mikono hiyo haina akili ya kuamua lolote. Daktari akisogeza kidole, nayo husogea. Akiacha, nayo hutulia. Sifa zake ni nne. Huonyesha picha yenye kina, iliyokuzwa hata mara kumi, kiasi cha daktari kuuona mshipa mwembamba kana kwamba ni kamba. Hupunguza mwendo: mkono wa daktari ukienda sentimeta tatu, ncha ya chombo yaweza kwenda moja. Huondoa tetemeko la mkono, ambalo hata mpasuaji hodari analo. Na ncha za vyombo vyake zina kifundo kipindacho pande zote, ambapo vyombo vya kawaida vya upasuaji wa matundu madogo vimenyooka kama vijiti. Aliyewahi kujaribu kushona kitufe kwa vijiti viwili atafahamu upesi maana ya kifundo hicho.

Ilikuwa na upungufu pia. Kwa miaka zaidi ya ishirini mashine hiyo haikumpa daktari hisia ya mguso. Ilimbidi akisie kwa macho kama uzi umekazwa sana au umelegea. Ni mwaka 2024 tu ndipo aina mpya iliporuhusiwa Marekani ikiwa na vyombo viwezavyo kupima nguvu ya kuvuta na kusukuma na kumrudishia daktari hisia yake.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Je, mkono huu wa chuma wamfaa nini mgonjwa wa figo? Jibu la kweli ni kwamba wafaa sana kwa kazi fulani, na kwa kazi nyingine haufai zaidi ya ile njia iliyokuwapo. Asiyetaka kuzitenga kazi hizo mbili, ama anauza mashine, ama hajafikiri.

Kazi ufaayo ni hii. Tuseme mchukuzi wa bandarini, mwenye umri wa miaka 45, amepigwa picha ya tumbo kwa ajili ya maumivu mengine, na katika figo yake ikaonekana kansa ndogo isiyozidi sentimeta 4. Zamani daktari angeitoa figo yote. Leo mabingwa wa Ulaya na Marekani wameafikiana kwamba uvimbe wa namna hiyo, kila iwezekanapo, ukatwe wenyewe na figo iachwe. Lakini kazi hiyo ina hatari yake. Figo imejaa damu. Huwezi kuikata pasipo kuubana kwanza mshipa mkubwa uiletao damu. Mara mshipa ubanwapo, saa inaanza kuhesabu. Figo isiyopozwa ikikaa bila damu zaidi ya dakika 25 au 30, vile vichujio tulivyovitaja vinaanza kufa, na tulikwisha kusema kwamba havioti tena. Ndani ya dakika hizo daktari hana budi kuukata uvimbe wote pasipo kuacha masalio, kuifunga mishipa iliyokatika, kukishona chumba cha mkojo kama kimefunguka, na kuishona figo yenyewe.

Kuifanya kazi hiyo kwa vyombo vilivyonyooka kama vijiti ni mtihani ambao wapasuaji wachache tu huushinda vizuri. Hapo ndipo kifundo cha roboti kilipoleta faida. Kazi za kwanza za namna hiyo kwa roboti zilitangazwa mwaka 2004, na tangu hapo taarifa nyingi, zilipokusanywa pamoja, zimeonyesha kwamba dakika za kubana mshipa hupungua, na ni wagonjwa wachache zaidi wanaolazimika kufunguliwa kwa jeraha kubwa katikati ya kazi, kuliko kwa upasuaji wa matundu madogo wa kawaida. Ni kweli kwamba taarifa nyingi katika hizo hazikutokana na majaribio ya kuwagawa wagonjwa kwa kura, ambayo ndiyo mizani iliyo sawa kuliko zote. Lakini mwelekeo wake ni mmoja, nasi hatuoni sababu ya kuukataa.

Kuna na kupandikiza figo. Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, madaktari waliokuwa pamoja na Pier Cristoforo Giulianotti walimpandikiza figo kwa roboti mgonjwa mnene sana. Watu wa namna hiyo hapo awali walikataliwa katika hospitali nyingi, kwa kuwa jeraha kubwa tumboni mwao huoza kwa urahisi; kwa jeraha dogo hatari hiyo hupungua. Na kuanzia mwaka 2013 madaktari wa Detroit, wakishirikiana na wenzao wa India, waliendeleza njia ya kuipoza figo kwa barafu iliyosagwa ndani ya tumbo, ili isife wakati wa kushonwa. Hayo ni maendeleo ya kweli, na mtu anayeyadharau anamdharau mgonjwa.

Lakini sasa tazama upande wa pili. Ikiwa uvimbe ni mkubwa na figo yote haina budi kutoka, hakuna tena haraka ya dakika 25, wala hakuna figo ya kushonwa. Kuna mishipa ya kufungwa na figo ya kutolewa. Kazi hiyo upasuaji wa matundu madogo wa kawaida huifanya vizuri tangu siku za Clayman. Je, roboti yaongeza nini? Mwaka 2017 lilitangazwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uchunguzi wa wagonjwa 23,753 waliotolewa figo katika hospitali 416 za nchi hiyo, tangu mwaka 2003 hadi 2015. Katika miaka hiyo matumizi ya roboti kwa kazi hiyo yalipanda kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 27. Na matokeo? Madhara makubwa baada ya kupasuliwa hayakutofautiana. Kazi zilizopita saa nne zilikuwa asilimia 46.3 kwa roboti, na asilimia 25.8 kwa njia ya kawaida. Gharama za hospitali katika siku 90 zilikuwa wastani wa dola 19,530 kwa roboti, na dola 16,851 kwa njia ya kawaida. Yaani dola 2,679 zaidi kwa kila mgonjwa, na muda mrefu zaidi chini ya dawa ya usingizi, ili kupata matokeo yale yale.

Twauliza: ikiwa hakuna faida, kwa nini matumizi yalipanda hivyo? Sababu si ngumu kuiona. Hospitali iliyokwisha kutoa mamilioni kununua mashine haipendi ikae chini ya shuka ikingoja kazi ifaayo; huipa kila kazi. Hospitali ya jirani nayo, ikiogopa kukimbiwa na wagonjwa, hununua yake. Kisha yaja matangazo yenye picha za mikono ya chuma na madaktari wenye tabasamu. Wazee walikwisha kutuonya: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kwamba mashine hii ni mbaya. Twasema kwamba chombo kizuri nacho kikitembezwa mno, yafaa mnunuzi afungue macho. Hata wakuu wa udhibiti wa Marekani, ndio walioiruhusu, waliwaonya wagonjwa na madaktari mwezi Februari 2019 kwamba usalama na manufaa ya vyombo hivi katika kuzuia au kutibu kansa yalikuwa hayajathibitishwa, wakataka kila mgonjwa aelezwe njia zote zilizopo kabla hajakubali.

Na bei yake? Mashine kubwa ya namna hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili. Matengenezo yake huchukua makumi elfu ya dola kila mwaka, na kwa mashine mpya hupita laki moja. Juu ya hayo, vyombo vya mikononi mwake vina hesabu ndani yake. Kwa miaka mingi koleo au mkasi wa mashine hiyo ulihesabiwa kutumika mara kumi tu. Ya kumi ikiisha, mashine huukataa, hata kama bado una makali. Mwaka 2020 kampuni iliongeza hesabu hiyo kwa baadhi ya vyombo, ikawa kati ya mara 12 na 18. Msomaji aliyewahi kununua gari bovu kwa bei ndogo akafilisika kwa vipuri atafahamu hesabu hii pasipo kufundishwa. Bei ya mlangoni ni mwanzo tu wa kulipa.

Kwa muda wa miaka ishirini hivi kampuni moja ilitawala soko hilo karibu peke yake, hasa baada ya kuungana na mshindani wake mkubwa mwaka 2003. Leo ukuta huo umepasuka. Wajapani wametoa mashine yao iitwayo Hinotori, iliyoruhusiwa nchini mwao mwaka 2020. Waingereza wa Cambridge wana Versius. Wahindi wana SSI Mantra. Wachina wana Toumai. Kwa nchi zetu hiyo ni habari njema, maana mnunuzi anayeweza kugeuka na kwenda duka la pili huheshimiwa katika duka la kwanza.

Wako watakaosema: kumbe gazeti latushauri tungoje. La, hatusemi hivyo. Wanaosema kwamba kazi kubwa za figo si za Afrika wamekwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwezi Novemba 2017 figo ya kwanza ilipandikizwa Tanzania katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao kutoka India. Mwaka uliofuata, 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma nayo ikaanza kazi hiyo, ikisaidiwa na Wajapani. Kabla ya hapo mwananchi aliyehitaji figo alipandishwa ndege kwenda ng'ambo, yeye pamoja na mchangiaji wake, na asiyekuwa na wa kumpeleka alibaki akingoja. Hayo hayakufanyika kwa kununua mashine ya ajabu. Yalifanyika kwa sababu madaktari, wauguzi na wataalamu wa usingizi walipelekwa kujifunza, wakarudi, kisha wageni wakasimama kando yao hata mikono yao ikazoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Huko Afrika Kusini roboti ya kwanza ilianza kazi mwaka 2013 katika hospitali ya binafsi ya magonjwa ya mkojo mjini Pretoria. Ilipita miaka mingi kabla ya hospitali za umma kuipata. Hata hivyo, katika miaka ya 2021 na 2022, hospitali mbili za umma za Cape Town, Groote Schuur na Tygerberg, ziliwekewa mashine hizo, na kwa njia hiyo mgonjwa asiye na bima ya kitajiri naye akapata nafasi. Sisi twalitazama jambo hilo kwa makini. Chombo kilichowekwa katika hospitali ya umma inayofundisha humtibu mgonjwa wa leo na kumfunza daktari wa kesho. Kilichowekwa mahali pa wachache hutibu wachache, na ujuzi wake hufa palepale.

Nako Kigali, mwezi Oktoba 2023, kilifunguliwa kituo cha IRCAD Africa kwa kuwafunza wapasuaji kazi ya matundu madogo. Mwanzilishi wa IRCAD ni daktari Jacques Marescaux wa Strasbourg. Ndiye yule ambaye tarehe 7 Septemba 2001, akiwa ameketi New York, alimtoa nyongo kwa roboti mgonjwa aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa njia ya waya wa mawasiliano. Kazi ile iliisha kwa usalama chini ya saa moja, na dunia nzima ilistaajabu. Tangu siku ile wako wanaoota kwamba sisi hatutahitaji kuwafundisha mabingwa wetu. Kwamba bingwa atakaa Ulaya au Marekani, nasi tutaleta kitanda na mgonjwa tu. Hao wamesahau jambo moja. Pale Strasbourg walikuwapo wapasuaji kamili kando ya kitanda, tayari kushika kisu kama waya ungekatika. Daktari huyohuyo aliyepasua kwa waya ndiye aliyekuja Afrika kujenga shule. Twadhani yeye alijua lililo la kwanza.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza mambo manne, na twaomba wote wenye dhamana ya afya ya umma wayapime.

La kwanza, msingi kabla ya paa. Upasuaji wa matundu madogo wa kawaida usambazwe kwanza katika hospitali za mikoa, pamoja na kamera zake, gesi yake, na umeme usiokatika. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na roboti, nao unatosha kwa figo nyingi zitakiwazo kutolewa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na mpasuaji yeyote atakayekaa mbele ya roboti awe anaweza pia kulifungua tumbo kwa mkono na kuzuia damu, maana mashine ikigoma, mgonjwa hawezi kungoja fundi.

La pili, roboti ikinunuliwa, inunuliwe kwa kazi inayoifaa. Mgonjwa achaguliwe kwa ugonjwa wake, asichaguliwe kwa cheo chake. Yule mchukuzi wa bandarini mwenye uvimbe wa sentimeta 4 atangulie mbele ya bwana mkubwa ambaye figo yake yaweza kutolewa kwa njia ya kawaida. Tukishindwa kuilinda kanuni hiyo, heri fedha zile zikajenge vyumba vya kusafishia damu.

La tatu, mkataba usomwe hadi mstari wa mwisho. Usihesabu bei ya mashine peke yake. Uhesabu miaka kumi ya vyombo, matengenezo na mafunzo. Udai kwamba mafundi wetu wafundishwe kuitengeneza, na vipuri viwekwe hapa. Mashine iliyolala kwa kukosa kijikombe cha plastiki, huku fundi wake akingojwa kwa ndege, ni aibu ambayo tumeiona kwa vyombo vingine, wala hatutaki kuiona tena. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

La nne, hesabu iwe wazi. Kila hospitali itumiayo mashine hiyo iandike ni wagonjwa wangapi waliopasuliwa, ni dakika ngapi mishipa ilibanwa, ni wangapi waliotokwa damu nyingi, ni wangapi waliofunguliwa kwa kisu katikati ya kazi, na figo zao zilikuwaje baada ya mwaka. Hesabu hizo zitangazwe. Wananchi ndio walipao, na alipaye ana haki ya kujua alichopata.

Neno letu la mwisho ni kwa wafanyakazi wenyewe, na hasa kwa wale wa hospitalini. Tumesikia hofu kwamba mkono wa chuma utawanyang'anya kazi. Hofu hiyo haina msingi katika chumba hiki. Roboti moja yahitaji daktari kwenye kiti, daktari wa pili kando ya mgonjwa, mtaalamu wa usingizi, wauguzi waliofunzwa kuvika mikono ile mifuko safi na kubadilisha vyombo, na fundi wa umeme. Haikupunguza mikono, iliidai iwe hodari zaidi. Linalotupasa kulidai ni kwamba mafunzo hayo yamfikie muuguzi na fundi pia, yasiishie kwa daktari peke yake.

Na kwa mfanyakazi wa kiwandani na mkulima twasema hivi. Wengi wa wanaopoteza figo zao hawapotezi kwa kansa. Wanazipoteza polepole, bila maumivu, kwa shinikizo la damu na kwa kisukari ambavyo havikupimwa kwa miaka mingi. Hakuna roboti duniani iwezayo kuzirudisha figo za namna hiyo. Mfuko wa kupimia damu mkononi ni chombo kidogo, hakina picha ya kupendeza gazetini, nacho waweza kukikuta hata katika zahanati ya kata. Nenda ukapimwe juma hili, na umchukue mwenzako wa zamu. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi nao wawatake waajiri watoe saa moja ya kazi kwa shughuli hiyo, kila mwaka, bila kukata mshahara.

Chama cha wafanyakazi kinachodai hayo, na hospitali ya umma inayofundisha, na mkataba uliosomwa vizuri: hivyo vitatu vikiwapo, mkono wa chuma na uje, tutaupokea kwa mikono miwili. Visipokuwapo, utakuwa pambo la ghali katika chumba kilichofungwa kwa kufuli, na mchukuzi wetu atatolewa figo nzima pale ambapo nusu yake ingaliweza kuokolewa.